Tawi Nyuma ya Baiskeli

Pito, Sumbawanga
14 Julai 1996

Kwa Dada Kabula,

Shikamoo dada.

Kabla ya salamu nyingine nataka kukwambia kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata Maulida ninayekaa naye dawati moja. Ninaogopa mteremko. Sisemi ule woga wa kila mtu. Baiskeli ikianza kukimbia yenyewe, pedeli zikawa hazina kazi na upepo ukaingia masikioni, macho yangu yanajifumba. Ninayaamuru yafumbuke na yanakataa. Yanafumbuka tukishafika chini, na kila mara nashangaa kwamba bado nipo barabarani.

Sasa utauliza mimi na baiskeli tumekutana wapi. Baba yake Maulida, Mzee Suleimani mwenye duka pale Majengo, ameleta baiskeli za mitumba kutoka Dar es Salaam. Siku hizi kila mtu analeta kitu, redio, makoti, hata meza za Ulaya. Katikati ya hizo baiskeli zimo chache za resi, nyepesi, usukani umepinda kama pembe za kondoo, tairi nyembamba kama kidole changu. Wanunuzi hawazitaki kwa sababu hazina keria ya kubebea gunia. Basi Lukmani, kaka yake Maulida, akaanza kuziendesha Jumapili kwa kujifurahisha, akatuita na sisi wa shule. Maulida alikataa, mimi nikakubali. Wewe unajua siwezi kusimama mbele ya darasa hata kusoma kifungu. Lakini juu ya baiskeli huulizwi neno, na kwenye tambarare ya kwetu mtu anaweza kwenda mbali akifikiri mambo ya kitabu alichosoma. Navaa suruali ya michezo chini ya sketi.

Majirani wanatucheka. Juzi mama mmoja aliniuliza, "Binti Malimi, umebeba nini?" Nikasema sijabeba kitu. "Unakwenda wapi?" Nikasema naenda na kurudi. Akaniangalia kama mgonjwa.

Na sasa kuna jambo kubwa. Mzee Suleimani na wafanyabiashara wenzake wanaandaa safari ya hisani mwezi wa Septemba, wakati wa likizo fupi. Tutaendesha kutoka Sumbawanga mpaka Kate. Kila mwendeshaji ameandikiwa kitu ambacho zahanati ya Kate itapewa akifika. Lukmani ameandikiwa taa ya karabai, Kasmir wa kidato cha nne beseni kubwa. Mimi nimeandikiwa blanketi. Sharti ni kufika ukiwa unaendesha. Ukisukuma baiskeli kwa mkono, kitu chako hakitolewi.

Nimeshasema ndiyo, dada. Nilisema kabla sijakumbuka mteremko wa kwenu, ule wa kushukia Kate.

Baba mzima, ng'ombe wazima. Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Justina Malimi

~

Kitongojini, juu ya Kate
28 Julai 1996

Kwa mdogo wangu Justina,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka mama mkwe, Mama Hellena, akatoka nje kuniangalia. Nikamsomea. Mama Hellena naye akacheka kwa Kifipa, na hicho ni kicheko kirefu. Mtu anatoka Sumbawanga mpaka Kate kwa baiskeli hajabeba hata debe la ulezi! Shemeji yako Eustaki anasema wakati mnapita huku atawapa magunia mshuke nayo, ili msipoteze safari.

Kuhusu macho, hilo ni jambo dogo. Usilifikirie. Ulikuwa hivyo tangu mtoto.

Sisi huku wazima. Tumevuna maharage, sasa tunapiga ulezi. Mimi nimenenepa. Vile viatu ulivyoniletea Pasaka havinitoshi tena, miguu imejaa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Eustaki anasema nimekuwa mke wa tajiri.

Hapa usimsomee Baba. Nina mgeni, Justina. Atafika kabla ya mvua. Unajua kwetu mgeni wa namna hii hatajwi kabla hajafika, na Baba unamjua, akisikia hatalala. Nesi Luciana wa zahanati ameniambia nishuke mapema nikakae Kate karibu naye, nisisubiri mpaka siku yenyewe. Mama Hellena anasema mtoto wa kwanza anazaliwa nyumbani, kwenye mikono yake, kama alivyozaliwa Eustaki. Lakini nitashuka. Usiwe na wasiwasi.

Baba msalimie sana. Mwambie mavuno mazuri.

Dada yako,
Kabula

~

Pito
11 Agosti 1996

Kwa Dada Kabula,

Shikamoo.

Nilimsomea Baba barua yako nikaruka pale uliposema. Alikuwa anasuka kamba. Akasema, "Mbona umenyamaza katikati?" Nikasema mwandiko wa dada haueleweki. Akasema, "Kabula alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wewe." Nikaona aibu.

Dada, sikucheka kuhusu miguu. Maktaba ya shule ina kitabu cha afya kilichoachwa na walimu wa zamani. Nimesoma sura ya wajawazito mara nyingi mpaka mwalimu wa zamu akaniangalia vibaya, nikalazimika kumwambia ni kwa ajili ya dada. Tafadhali nijibu haya. Je, uso nao unavimba asubuhi? Je, kichwa kinakuuma mbele, juu ya macho? Je, unaona vitu kama nyota vikipita? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, shuka kwa Nesi Luciana siku hiyohiyo. Usisubiri ulezi uishe.

Habari za safari. Wametengeneza kitu kizuri pale Majengo. Fundi wa kuchomelea amechukua mabomba na magurudumu mawili ya baiskeli akaunda tela lenye kitanda, linafungwa nyuma ya baiskeli yoyote nzito. Ni la kubebea wagonjwa. Tutakwenda nalo na kuliacha Kate, Lukmani ndiye atakayelivuta. Maulida alilala juu yake tukamzungusha uani, anapiga kelele, "Nesi, nakufa, nileteeni soda!" Halina breki. Fundi anasema breki ni za baiskeli inayovuta.

Mimi nilimuuliza, "Na kwenye mteremko?" Lakini niliuliza kwa sauti ndogo, hakunisikia.

Nimemwambia Baba kwamba safari inafika Kate. Nilidhani atakataa. Aliacha kamba akatazama ng'ombe. Kisha akasema, "Kuna mteremko kule." Nikasema najua. Akasema, "Ukifika juu, shuka kwenye baiskeli. Kata tawi. Lenye majani mengi. Lifunge nyuma." Basi.

Unajua jinsi ninavyoona haya kwa lile tawi lake. Hata kwenye kimteremko cha hapa Pito ambacho mbuzi hakioni, Baba anateremka, anakata tawi, anafunga nyuma ya keria, anashuka nalo likiburuzika na kupiga vumbi, eti breki ya pili. Vijana wa kijiweni wanampigia kelele, "Mzee Malimi, unahamisha msitu?" Yeye anawapungia mkono. Wenzake wanafanya hivyo wakiwa na magunia mawili ya mahindi kwenye mlima mkubwa. Baba anafanya akiwa amebeba sabuni.

Dada, kwa nini hajawahi kuja kwako? Tangu tuhame huko nikiwa mdogo, hajarudi hata siku ya harusi yako. Alituma ng'ombe wa karamu wakaja na watu wengine.

Nijibu maswali ya kitabu.

Justina

~

Majengo, Sumbawanga
25 Agosti 1996

Dada Kabula,

Shikamoo. Mwandiko huu si wa Justina. Mimi ni Lukmani, kaka yake Maulida. Justina amekaa hapa dukani kwenye gunia la sukari, anasema maneno na mimi naandika.

Anasema: Dada, mimi ni mzima. Nimeteguka mkono wa kulia kidogo. Niliteleza kwenye mafuta ya taa yaliyomwagika dukani kwa kina Maulida. Safari ipo palepale, tarehe kumi na nne Septemba. Hujanijibu maswali ya kitabu. Baba mzima. Nakuombea. Justina.

Sasa Maulida amemwita ndani akanywe chai, kwa hiyo naandika ya kwangu. Dada, hapa hakuna mafuta ya taa yaliyomwagika, mzee wangu angetuchinja. Justina ameanguka na baiskeli. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye mlima nje ya mji. Kufika juu, mwenzetu akashuka, akakata tawi kubwa akalifunga nyuma ya baiskeli ya resi. Nikamwambia, "We Justina, hiyo ni baiskeli ya mashindano, si punda." Akasema baba yake amemwagiza. Nikamwacha, si unajua ukimya wake, ukibishana naye unajisikia umempiga mtoto.

Basi kwenye kona tawi likayumba. Baiskeli ya baba yake ni nzito, ikiwa na mzigo tawi linaishika. Hii ya resi ni nyepesi na haikubeba kitu. Tawi liliinyanyua nyuma na kuitupa kando kama kofia. Mimi nilikuwa pembeni yake, dada, ndiyo maana nakuandikia. Kabla hajaanguka nilimwona usoni. Alikuwa amefumba macho. Amefumba kabisa, kama mtu anayesali! Nilipomuuliza aliniapisha nisimwambie mtu. Sasa nimekwambia wewe, maana wewe si mtu, wewe ni dada yake.

Mimi ni mshikaji tu, sijui kumkataza. Ukimwandikia asije, atakusikia. Ila ukweli, kwenye tambarare hakuna anayemshinda, hata mimi.

Wako mtiifu,
Lukmani Suleimani

~

Kate
2 Septemba 1996

Kwa Justina,

Barua ya mwisho imenifikia, yote, na maneno ya chini pia. Usimgombeze huyo kijana.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Nimeshashuka Kate. Nakaa kwa rafiki wa Nesi Luciana, nikisimama mlangoni naona bati la zahanati. Uso hauvimbi, kichwa hakiumi, nyota naziona usiku mbinguni kama watu wote. Umeridhika?

Sasa kaa chini. Ukisoma hii uwe peke yako, na usimsomee Baba hata neno moja.

Tulikwambia Mama alikufa kwa homa. Siyo. Tulikuwa wageni huku, ndiyo kwanza tumetoka Shinyanga na ng'ombe wachache, hatuna ndugu wa kumwita. Mama alikuwa na mgeni, siku zake zikafika vibaya. Baba akampakia kwenye keria ya baiskeli ashuke naye Kate. Wewe ulilia, hukukubali kuachwa, na hakukuwa na wa kukuachia. Baba akakuketisha kwenye bomba la mbele, kati ya mikono yake. Mimi nilikimbia nyuma na kifurushi cha nguo.

Juu ya mteremko Mama alisema, "Kata tawi." Nilimsikia kwa masikio yangu. Baba akasema hakuna muda. Nao muda kweli haukuwepo, Justina, Mama alikuwa anavuja damu mpaka kwenye spoku. Wakashuka hivyohivyo. Baiskeli ikashika kasi, ukaanza kupiga kelele. Nikaona kutoka juu jinsi Baba alivyotoa mkono mmoja akakuziba macho usione. Alikuziba mpaka chini. Kwenye kona ya mtoni wakaanguka. Wewe hukuumia hata ukucha.

Mama alifika zahanati, lakini hakurudi.

Kwa hiyo macho yako si ugonjwa na si woga wa kijinga. Ni mkono wa Baba. Bado uko pale.

Sikutaka kukwambia mpaka ukue. Lakini nimeona utaanguka tena na hujui kwa nini. Usije, mdogo wangu. Blanketi atatoa mtu mwingine. Mimi niko Kate salama, huna haja ya kuja kuniangalia.

Dada yako,
Kabula

~

Pito
8 Septemba 1996

Dada Kabula,

Shikamoo.

Nimesoma. Nilikwenda nayo nyuma ya zizi.

Kitu kimoja hukukiandika, nadhani kwa makusudi. Kama mkono mmoja ulikuwa machoni kwangu, breki ilishikwa kwa mkono upi? Baiskeli ile ya zamani ilikuwa nzito, Mama nyuma, mimi mbele, na Baba anashika breki moja. Nimekaa nikiitazama mikono yake leo akikamua. Sikumuuliza, na sitamuuliza.

Naogopa, dada. Usiku naogopa na mchana naogopa. Nikifungua kitabu cha jiografia naona mistari ya milima imekaribiana nafikiri ndiyo ule mteremko. Jana nilikwenda dukani kumwambia Mzee Suleimani kwamba najitoa. Nilisimama mbele yake na wateja wapo, sikuweza kusema. Akaniambia, "Binti yangu, blanketi lako nimelichagua mwenyewe, lile zito la bluu." Nikasema asante nikaondoka.

Mkono umepona. Leo asubuhi nilikuta kamba mpya ya Baba, ile aliyokuwa anaisuka, imefungwa chini ya kiti cha baiskeli ya resi. Nami sikumwambia kwamba tawi kwenye baiskeli hii linaangusha. Sijui ningeanzaje.

Kwa kuwa uko chini Kate, nisipoweza kushuka nitakaa juu na kukupungia mkono.

Barua hii inakuja na lori linalofuata ulezi.

Justina

~

Hospitali, Namanyere
6 Oktoba 1996

Kwa Justina wangu,

Marahaba za siku zote ambazo sikukuandikia. Mkono bado unatetemeka, vumilia mwandiko. Sasa ndiyo mwambie Baba kwamba haueleweki.

Tuko wazima wote wawili. Ni msichana, mdogo, ana nywele nyingi na hasira nyingi. Jina bado. Mama Hellena anataka la Kifipa, Eustaki anasema tusubiri nitoke hapa.

Nimekuja kuomba msamaha. Nilikudanganya kwamba nimeshuka Kate. Sikushuka. Niliandika neno Kate juu ya karatasi nikiwa nimekaa jikoni kwangu. Kichwa kilikuwa kinauma toka mwezi wa nane, na nyota ziliniandama mchana kweupe. Niliogopa. Sikumwogopa Mama Hellena, yeye angekubali nikishikilia. Niliogopa kushuka pale. Kila nikijiandaa nilikuwa naiona ile kona ya mtoni. Nikawa nasema kesho. Mimi niliyekuandikia kwamba macho yako ni jambo dogo.

Sasa nieleze. Nakumbuka nimekaa nje asubuhi napepeta ulezi. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka sura ya Nesi Luciana. Kitu kimoja tu kimebaki, harufu ya majani mabichi yaliyopondeka. Nimemuuliza Eustaki, anaanza kusimulia anafika nusu anatoka nje. Nesi Luciana alipokuja kunitazama hapa alisema, "Muulize mdogo wako."

Kwa hiyo nakuuliza. Nilishukaje?

Kabula

~

Pito
13 Oktoba 1996

Kwa Dada Kabula,

Shikamoo dada. Mpe mtoto pole ya hasira zake.

Barua yako nilimsomea Baba yote. Sikuruka. Nilipofika kwenye kona ya mtoni aliinama kama anatafuta kitu chini. Nilipomaliza alisema, "Soma tena pale penye nywele." Nikasoma tena. Kesho anakuja huko na basi, ameshatoa koti lake kwenye sanduku. Usimshangae.

Uliuliza ulishukaje. Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Tuliondoka Sumbawanga asubuhi na baridi. Lukmani alivuta tela, amefunga humo ndoo ya maji na viazi vya kuchemsha. Pikapu ya Mzee Suleimani ilitufuata. Kasmir alikatikiwa cheni njiani, pikapu ikabaki naye nyuma. Mimi nilikuwa mbele ya wote kwa sababu njia ilikuwa tambarare, na kwa sababu nilitaka kufika juu ya mteremko mapema nikae pale peke yangu, niamue.

Nilipopita kitongoji chenu niliona kitenge chako cha maua ya njano kwenye kamba. Nikajiambia dada ameacha nguo. Halafu nikaona viatu vya Pasaka mlangoni. Nikasimama.

Ulikuwa umelala chini kwenye ulezi. Mama Hellena ameshika kichwa chako, Eustaki ameshika miguu. Mwili ulikuwa unakakamaa na kutetemeka, macho meupe. Kitabu kinaita kifafa cha mimba. Mama Hellena alikuwa anasema, "Wamemtupia, wamemtupia kitu." Eustaki alikuwa analia. Alikuwa ameshatoa baiskeli yake, imelala pembeni, anataka kukupakia kwenye keria.

Nikasema hapana. Dada, nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikasema tela linakuja. Lukmani alifika nyuma yangu na wengine. Tukamwaga viazi, tukakulaza kwa ubavu kama kitabu kinavyosema, tukakufunga kwa vitenge usidondoke. Lukmani akasema tuisubiri pikapu. Tukaangalia barabara nyuma, hakuna hata vumbi. Ukaanza kutetemeka tena. Tukaondoka.

Juu ya mteremko Lukmani hakusimama. Nikapiga kelele, "Simama!" Akageuka, "Justina, hakuna muda!"

Ni maneno yaleyale, dada. Yeye hayajui.

Nikaweka baiskeli yangu mbele yake njiani. Akasema, "Wee, una wazimu? Dada yako anakufa!" Nikasema, "Breki yako ni ya mtu mmoja na hapa kuna watu wawili na chuma. Kata tawi." Eustaki ndiye aliyenielewa. Alikuwa na panga kiunoni, akaingia porini akatoka na tawi kubwa, majani mabichi tele. Nikafungua kamba ya Baba chini ya kiti changu. Nikafunga tawi nyuma ya tela, karibu na miguu yako. Lukmani, yule wa maneno ya punda, akanishikia fundo.

Tulijaribu hatua chache. Mzigo uliishika vizuri baiskeli ya Lukmani, haikuyumba kama yangu siku ile, lakini tela lilikuwa bado linaisukuma baiskeli. Tawi lilikuwa jepesi. Lilihitaji uzito juu yake. Ilikuwa lazima Eustaki ashike ubavu wa tela kwenye kona. Wengine walikuwa wanashikilia baiskeli zao wananitazama.

Nikalala kifudifudi juu ya tawi, nikashika kamba kwa mikono miwili.

Tukashuka. Vumbi lilikuwa linaniingia mdomoni na mawe yananipiga magotini. Upepo ukaanza masikioni, na macho yakaanza kufumba kama kawaida yake. Lakini kisigino chako kilikuwa kimetokeza nje ya kitenge, karibu na uso wangu, kimevimba, kina vumbi la ulezi. Nikajiambia nikiacha kukiona hicho kisigino nitakuwa nimekupoteza. Nikakiangalia. Kwenye kona ya mtoni tela liliegemea upande, Eustaki akalisukuma kwa kifua, breki za Lukmani zikalia na kunuka. Sikuona mto. Niliona kisigino.

Kisha njia ikawa sawa, watu wa Kate wakaja wanakimbia. Waliokuwa wamejipanga kutupigia makofi walishusha mikono. Nesi Luciana alikuchoma sindano hapohapo kwenye tela. Tawi lililobaki wanawake walilikata, likaingia jikoni mwa zahanati kuchemsha maji. Pikapu ilifika baadaye, ikakupeleka Namanyere jioni ileile.

Lakini kabla pikapu haijaja kuna kitu nilifanya, nacho sijamwambia mtu.

Nesi aliniambia nisubiri nje. Nilikuwa nimechubuka magoti na viganja. Lukmani alikuwa amekaa ukutani. Nikamuuliza, "Blanketi linahesabiwa?" Akanitazama, akasema, "Justina, wewe ni kiumbe gani?" Nikasema baiskeli yangu imebaki juu.

Nikapanda mteremko kwa miguu. Ni mrefu kuliko nilivyokuwa nafikiri. Pembeni, kwenye kona ya mtoni, nilisimama kidogo nikaangalia nyasi. Hakuna alama yoyote pale. Baiskeli ilikuwa juu, imelala nilipoitupa. Sikukata tawi, kwa sababu kwenye baiskeli ile tawi linaangusha. Nilikaa kwenye kiti, nikaweka mkono mmoja kwenye breki ya mbele na mwingine kwenye breki ya nyuma. Nikashuka. Nilikuwa naogopa tangu juu mpaka chini, sikuacha kuogopa hata mahali pamoja, na niliona kila jiwe. Nilipofika Kate niliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa zahanati, nikaomba maji kwa Nesi Luciana, nikaingia ndani nikakuosha miguu.

Mdogo wako,
Justina